Safu ya Benki

Hakuwa na gari. Hakuwa na shahada, wala cheti chochote isipokuwa kile cha shule ya jioni, alichokipata kichwa kikiwa tayari na mvi. Hakuwa na mke tena, hakuwa na meno mawili ya pembeni, na hakuwa na subira na watu wanaoanza sentensi kwa "kama sikosei." Adui pia hakuwa naye, au hivyo ndivyo alivyodhani. Na asubuhi hiyo, akiwa amechuchumaa mbele ya Safu ya Benki, kiganja chake kimejaa vumbi jeupe, hakuwa na maelezo.

Alikuwa amepitisha mkono juu ya bamba la zege, kama mtu anavyompapasa ng'ombe kabla ya kumnunua. Bamba lililopigwa na jua na mvua miaka mingi halitoi vumbi. Hili lilimwachia unga kama wa chaki. Alinusa. Saruji mpya.

Yadi ile haikuuza kitu kipya hata kimoja. Jengo likibomolewa mahali, malori yalileta viungo vyake: milango, madirisha, vyuma, matofali, na zaidi ya yote mabamba ya zege ya sakafu, marefu, yenye matundu ndani kama mianzi. Vilikaa pale vikisubiri jengo jingine. Ukutani, langoni, palikuwa pameandikwa MAJENGO HAYAFI, YANAHAMA, na kweli yalihama. Ngazi za ofisi iliyovunjwa zilipandwa sasa na watoto wa shule. Mlango wa ghala ulifunga duka la dawa.

Lakini nani atakubali kulala chini ya bamba asilojua limetoka wapi? Hapo ndipo mzee huyu alipohitajika. Kabla nyundo haijaligusa jengo, yeye aliingia kwanza na tochi yake. Alipanda darini, alishuka vyooni, aliwauliza majirani: liliwahi kuvuja? Liliwahi kuungua? Palikuwa na mashine nzito juu? Kisha akarudi akaandika lebo: kitu hiki kimetoka wapi, kimebeba nini, kimepatwa na nini. Vijana wa yadi walimwita Mzee Lebo, naye hakuchukia. Walimtania kwamba siku akifa hatakubali kuingia kaburini mpaka kaburi lenyewe limwoneshe lebo.

Lebo hizo zilitunzwa ofisini, kwenye faili na kwenye kompyuta, kwa sababu juu ya zege hazikai. Mvua huzibandua na jua hufuta rangi. Huku nje sheria ilikuwa moja, nayo aliitunga yeye: safu moja, jengo moja. Kichwani mwa kila safu palisimama ubao: Benki, Posta, Kinu. Bamba likiwa kwenye Safu ya Benki, basi ni la benki. Katika uwanja ule mahali pa kitu ndipo palipokuwa kumbukumbu yake. Ukikihamisha, umekipa utoto mwingine.

Alisimama kwa kushika magoti, akaizunguka safu. Ndipo alipoiona mito.

Watu wa yadi waliita mito vile vipande vya mbao vinavyowekwa kati ya bamba na bamba ili yasivunjane. Kila mpangaji ana mkono wake. Vijana huitupia tu, mmoja umetokeza, mwingine umezama, safu nzima inafanana na mdomo wa mtu aliyetoka kupigana. Na Safu ya Benki ilikuwa imepangwa na vijana. Mpaka juzi mito yake ilikuwa imepinda, na kila akipita hapo Mzee Lebo alikuwa akisonya.

Sasa ilikuwa imenyooka juu mpaka chini, ncha kwa ncha, kama iliyopigwa uzi. Katika yadi nzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa na subira ya kushuka kwenye kreni, kuugonga kila mto kwa kiganja mpaka ulingane na wa chini yake, ndipo apande tena kuleta bamba jingine. Mzee Lebo aliijua kazi ile kama alivyoujua mwandiko wa binti yake. Mtu yule hata angeiba shuka, kabla ya kutoka angetandika kitanda.

Hakutaka kwenda upande wa pili wa uwanja, lakini miguu ilikwenda. Safu ya Kinu ilikuwa imepungua. Pembeni yake, ardhini, palikuwa na mistatili ya nyasi zilizofifia, njano na laini, mahali ambapo mabamba yalikuwa yamelala na sasa hayapo.

Alirudi Benki, akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni, akakwangua. Rangi ya saruji ilibanduka. Chini yake zege lilikuwa la waridi hafifu, kama ufizi, rangi ya zege lililoona moto.

Kinu kile kilikuwa cha kusaga nafaka, nacho kiliungua. Mabamba ya namna hii yana nyaya za chuma ndani, zilizovutwa kwa nguvu kabla zege halijamwagwa, kama nyuzi za gitaa. Hizo ndizo zinazobeba. Moto mkali ukizifikia hulegea, na hakuna fundi wa kuzikaza tena. Kwa nje bamba hubaki limenyooka, limetulia, kama mtu anayekusikiliza huku amelala. Kwenye lebo ya Kinu Mzee Lebo alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: yatandazwe chini, yakanyagwe, yasipandishwe juu ya kichwa cha mtu.

Na mabamba ya Benki yalikuwa yameagizwa kwa sakafu ya juu ya wodi ya wazazi. Mzigo mkubwa ulikuwa umeondoka jana. Haya yaliyobaki yalikuwa ya safari ya mwisho.

Jana hakuwapo. Jana ilikuwa siku yake. Bosi alikuwa amempeleka kwenye mkutano wa wajenzi, ukumbi wenye mazulia, akawahutubie juu ya kumbukumbu za kuaminika katika biashara ya kujenga kwa vitu vilivyokwisha kutumika. Alikuwa ameandika hotuba kwa mkono akaikariri wiki nzima. "Yadi yetu haiuzi zege," aliwaambia. "Zege mtalipata popote. Sisi tunauza neno. Bamba bila historia yake ni jiwe tu, na jiwe halina mdhamini." Watu walisimama kumpigia makofi. Mwanamke mmoja aliomba kupiga naye picha. Alirudi nyumbani na tai bado ipo shingoni, hataki kuivua.

Na aliyemfunga tai ile asubuhi alikuwa mwenye mito hii.

Ni dereva wa kreni, waliyemwita Pamba kwa sababu alilishusha bamba zito kama anamlaza mtoto kwenye pamba. Walikuwa marafiki tangu wote wawili wakisukuma mikokoteni ya matofali. Kisha mtoto wa kiume wa Pamba akamwoa binti pekee wa Mzee Lebo, na tangu hapo wakaacha majina, wakaitana mkwe.

Alimkuta amekaa kwenye ngazi ya kreni, kikombe cha chai mkononi.

"Karibu mheshimiwa mhutubiaji," Pamba alisema. "Au siku hizi kukuona ni kwa miadi?"

"Shuka, mkwe."

"Nimeshashuka. Nikishuka zaidi mtanifukia."

Mzee Lebo alimwonesha kiganja. Pamba alikitazama, akaitazama chai yake, kisha akaimwaga chini taratibu ingawa ilikuwa bado inafuka moshi.

"Nani ameyapaka?"

"Vijana. Kwa brashi. Mimi sikupaka."

"Wewe umehamisha."

"Mimi nimehamisha."

Alisema hivyo bila kuzungukazunguka, na Mzee Lebo akatamani angezunguka. Uongo ungempa kitu cha kushika.

"Mangapi?"

"Sikuhesabu. Nilitaka nisijue."

"Yako wapi? Juu? Chini?"

"Mengine juu, mengine katikati. Bosi alisema yachanganywe. Alisema mazima yatayabeba mabovu."

"Zege si ukoo, mkwe. Zima halimbebi ndugu yake. Kila bamba linabeba kitanda kilicho juu yake, basi."

"Kinu kiliungua upande mmoja tu." Pamba sasa alikuwa akitazama viatu vyake. "Wewe mwenyewe uliniambia. Ukayakataa yote."

"Kwa sababu ya Kinu peke yake yalikuwa yameshushwa kabla sijafika. Sikujua upande upi ni upi."

"Ndiyo hivyo. Hukujua. Na mimi sijui. Huenda niliyochukua ni yale mazima."

"Huenda," alisema Mzee Lebo, na neno hilo likamkaa mdomoni kama mchanga.

Kijana mmoja alipita na toroli akiimba, akawaona nyuso zao, akanyamaza mpaka alipokuwa mbali.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Basi ulijua."

Pamba alikipindua kikombe, akakikung'uta kwenye goti.

"Na ule mkutano?"

"Mkutano ulikuwa wa kweli. Watu wa kweli."

"Sijauliza hilo. Nauliza nani alitaka niende."

Pamba alikichunguza kikombe kana kwamba kina ufa. "Bosi alitaka kukutuma mjini kufuata misumari," alisema. "Misumari, mkwe, wewe na umri wako. Nikamwambia, kama ni lazima siku hiyo awe mbali, basi iwe siku njema kwake. Tangu shule ya jioni ulikuwa unatafuta watu wa kukusikiliza. Nikamkumbusha ule mwaliko. Ulikuwa umetupwa mezani pake, hata hakuufungua."

Mzee Lebo alihisi vidole vile shingoni tena, vigumu, vyenye mikato, vikimnyooshea kola. *Nenda kawaambie, mkwe,* Pamba alikuwa amesema. *Kawaambie na sisi tupo.* Mtu ambaye angemsukuma tu shimoni, yeye angeweza kumsamehe. Huyu alikuwa amempangusa vumbi begani kwanza.

"Mmenizunguka," alisema.

"Tumekuzunguka."

"Usikubali kila kitu. Nibishie hata kimoja."

"Nikubishie nini, mkwe? Wewe ukishika jambo hubishiki. Ndiyo maana tulifanya ukiwa haupo."

Bosi alikuwa mwanamke wa makamo aliyeirithi yadi kwa baba yake, mwenye sauti ya chini na meza safi. Ofisini kwake alimsikiliza Mzee Lebo mpaka mwisho. Alimpa hata kiti.

"Mzee wangu, kuna lebo yoyote imebadilishwa?"

"Hakuna, Bosi."

"Kwenye kompyuta, kuna herufi moja ya uongo?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Lebo ni za kweli. Mabamba ndiyo ya uongo."

Alitabasamu kidogo, kama anayetambua neno zuri. "Oda ilikuwa kubwa kuliko safu. Nikiwaambia hayatoshi, wananunua mapya. Na mtu akishanunua mapya mara moja, harudi tena kwetu. Si wewe uliyewaambia jana kwamba kutupa kinachoweza kubeba ni dhambi?"

"Nilisema kinachojulikana kwamba kinabeba."

"Hicho kipande nadhani makofi yalikifunika." Alinyanyuka, akamfungulia mlango mwenyewe. "Nenda nyumbani upumzike mpaka wiki ijayo. Jana umetufanyia kazi kubwa. Na ukiwa umepumzika, mfikirie na yule anayeendesha lori letu."

Hakuhitaji kukumbushwa. Lori liliendeshwa na mkwewe, mume wa binti yake.

Nje, jua lilikuwa limeshika. Kreni ilikuwa ikinyanyua mabamba ya mwisho, na hata sasa yalishuka kwenye lori bila kishindo. Mzee Lebo alisimama akaangalia. Makofi ya jana yalimrudia masikioni, na akaelewa kwamba alikuwa amevishwa kilemba cha ukoka, na ng'ombe walikuwa wameshaanza kukila.

Alitoka langoni, akavuka barabara, akasimama chini ya kivuli cha kibanda cha fundi viatu. Namba ya mhandisi wa wodi ilikuwa kwenye simu yake kwa sababu mhandisi yule, tofauti na wateja wengi, alikuwa na kawaida ya kumpigia kumuuliza maswali.

"Mabamba ya Benki," alimwambia, "usiyafunike."

Kulikuwa na kelele za kazi upande wa pili. Kisha zikapungua. Mhandisi alikuwa amesogea pembeni.

"Mzee, yameshapandishwa karibu yote. Kesho asubuhi tunamwaga zege la juu. Kuna nini?"

Akamweleza. Mhandisi hakumkatiza. Alipomaliza akamuuliza moja kwa moja: "Ni yapi?"

"Nikikwangua naweza kukuonesha baadhi yaliyoona moto."

"Na ambayo hayajaona?"

"Hayo siwezi kukuapia tena. Rangi haisemi yote, wewe unajua. Nilikuwa najua kwa mahali, na mahali pamevurugwa."

"Kwa hiyo ni safu nzima."

"Safu nzima."

Mhandisi akasema, kwa sauti ya mtu asiyependa swali lake mwenyewe: "Mwaka jana tulichukua kwenu ya Posta, kwa ajili ya darasa. Hayo je?"

Fundi viatu alikuwa akigonga kisigino. Mzee Lebo alitazama lango la yadi, lile andiko, lori likitoka na mzigo wake. Mabamba ya Posta aliyakagua moja moja. Aliyalalia tumbo kuyachungulia matundu. Mabamba yale yangekuwa yamehama lini, kwa mkono gani, siku gani alipokuwa na homa, au msibani, au amekaa tu ofisini akiandika?

"Sijui," alisema.

"Samahani?"

"Nimesema sijui, mhandisi. Wiki iliyopita ningekuapia. Leo sijui."

Akamsikia akishusha pumzi. "Mimi nakuamini, mzee. Lakini siwezi kusimamisha kazi kwa simu. Nikisimamisha kwa simu, kesho bosi wako atampigia mwenye mradi, atasema umekosana naye, umezeeka, umechanganyikiwa. Na zege litamwagwa. Nahitaji maandishi. Karatasi yenyewe, sahihi yako na muhuri wako, unazitengua zile lebo. Ukiandika, useme umejuaje. Alasiri namtuma mtu wa pikipiki nyumbani kwako."

"Useme umejuaje," alirudia Mzee Lebo.

"Bila hilo ni uvumi."

Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili, na ua wake ulipakana na ua wa Pamba. Walikuwa wamevunja ukuta uliokuwa katikati siku ya harusi ya watoto, ili mapishi yawe ya pamoja, na hakuna aliyewahi kuona sababu ya kuujenga tena. Kutoka mezani pake, mlango ukiwa wazi, aliiona kamba ya nguo ya upande ule, na suruali za kazi za Pamba zikining'inia kichwa chini.

Alianza vizuri. Mkono wake ulikuwa umefundishwa barua na mwalimu wa shule ya jioni aliyekuwa akisema barua nzuri ni ile ambayo huwezi kuing'oa sentensi hata moja. *Mimi niliyekagua na kuandika lebo za Safu ya Benki nazitengua zote kuanzia leo. Mabamba ya jengo lililoungua yamechanganywa humo na kupakwa saruji. Sijui tena lipi limetoka wapi. Kuhusu safu nyingine za yadi hii, nilizozidhamini mimi, sijui pia kama zilibaki nilivyoziacha.*

Alizitazama hizo sijui mbili. Kazi yake yote ya maisha ilikuwa ni kuhakikisha neno hilo halionekani kwenye karatasi ya mtu. Mtu aliyenunua dirisha, ngazi, hata bawaba, alilala usingizi kwa sababu mzee mmoja alikuwa ameandika najua. Barua hii ikifika, kila aliyelala atakaa kitandani na kuangalia dari.

Binti yake aliingia, mikono imelowa povu la sabuni, miguu peku.

"Baba mkwe amerudi mapema," alisema. "Amekaa tu uani. Nimempelekea chakula, amekifunika."

"Asubuhi alikuwa mzima."

"Unaandika nini?"

"Kazi."

Alisogea, lakini hakusoma. Alisimama nyuma ya kiti kama alivyokuwa akisimama utotoni, baba akifanya hesabu za shule ya jioni na yeye akimshikia taa. Mzee Lebo aliweka kalamu chini.

"Ulijua?"

Povu lilikuwa likipasuka polepole kwenye mikono yake. "Tangu jana jioni," alisema. "Mume wangu aliporudi na lori. Nilimwona hasemi."

"Na jana jioni ulikuja hapa ukanipikia. Ukaniuliza makofi yalikuwaje."

"Ulikuwa umefurahi, baba."

"Ukanifanya niirudie hotuba yote."

"Sikuwahi kukuona hivyo tangu mama afariki. Nikasema nitakuambia asubuhi. Asubuhi ulikuwa umeshatoka." Alijifuta mikono kwenye khanga. "Sikukucheka, baba. Usifikiri nilikaa nikakucheka."

Hakufikiri hivyo. Ingekuwa rahisi zaidi kama angefikiri hivyo. Aliona jinsi wote walivyompenda, kila mmoja kwa namna yake, na jinsi upendo huo ulivyomzunguka pande zote asione nje.

"Nifungulie dirisha," alisema. "Kuna joto."

Aliposikia dirisha likifunguka akaichukua kalamu tena. Umejuaje. Aliandika kuhusu vumbi mkononi. Aliandika kuhusu nyasi zilizofifia. Kisha akaandika, bila kuinua mkono, kwa sababu akiinua hatashusha tena: *Yamehamishwa na dereva wa kreni wa yadi, kwa amri ya mwenye yadi. Amekiri mbele yangu. Ni mkwe wangu.*

Binti alikuwa amerudi nyuma ya kiti, na safari hii alisoma.

"Andika kreni," alisema. "Yamehamishwa kwa kreni. Si uongo, baba. Na kreni haina watoto."

"Kreni haikiri."

"Watamfukuza. Watamfunga."

"Labda."

"Na mume wangu ndiye aliyebeba."

"Simwandiki. Yeye alibeba alichopakiwa, mpaka nitakapojua vinginevyo." Alisikia namna neno hilo lilivyotoka, gumu, la kazini, akalainisha sauti. "Mwanangu, wodi ile ni ya wanawake wanaojifungua. Watalala juu, na wengine chini yao."

"Najua ni ya nani. Basi toa hilo la mwisho. Hilo la 'ni mkwe wangu.' Linawahusu nini? Unajivua nguo mbele ya watu."

"Anayesoma lazima amjue anayesema. Asije akadhani nina ugomvi na mtu. Asije akadhani sina cha kupoteza." Alilisoma tena lile neno. "Ukiling'oa hilo, barua inapungukiwa."

"Na wewe? Ukishatuma utakuwa nani pale?"

Mzee Lebo akauvuta muhuri, akaupulizia pumzi, akaugandamiza chini ya sahihi yake. Ulitoka hafifu upande mmoja. Akaugandamiza tena kando yake, ukatoka mzima.

Nje pikipiki ilizimwa. Mtu alipiga hodi akiwa bado na kofia ngumu kichwani, kijitabu cha kupokelea kwapani.

"Shikamoo mzee. Mhandisi amesema nisiondoke bila bahasha. Amesema hata ukinikaribisha chai, nikatae."

"Marahaba. Chai yenyewe haipo."

"Basi nimeponea chupuchupu," alisema yule mtu, akacheka peke yake, kisha akaziangalia nyuso za mle ndani, akarudi kusubiri kizingitini.

Bahasha ilikuwa ya zamani, na gundi yake ilikuwa imekauka. Mzee Lebo aliipitisha ulimi mara mbili, mfuniko ukainuka tena. Alitazama huku na huku mezani kama mtu aliyepoteza miwani. Binti alimwangalia akihangaika. Kisha akaondoka bila kusema, akaingia jikoni. Sauti ya sufuria ikasikika, na kijiko.

Mzee Lebo alikaa na bahasha wazi mkononi. Alifikiri labda hatarudi. Labda ametokea mlango wa nyuma, amevuka ua.

Alirudi na sahani ndogo yenye unga wa ngano uliokorogwa kwa maji ya moto. Alichota kwa kidole gumba, akapaka ukingo wa mfuniko kutoka kona hadi kona, akafunga, akagandamiza. Akaendelea kugandamiza hata baada ya kushika, mpaka ukucha wake ukawa mweupe. Mtu wa pikipiki akakohoa. Binti akamkabidhi baba yake bahasha, si yule mtu, na Mzee Lebo ndiye aliyeitoa mlangoni kwa mikono miwili na kutia sahihi kwenye kijitabu.

Yule mtu aliitia ndani ya jaketi, akavuta zipu mpaka kidevuni, akawasha. Pikipiki ilipita kati ya nyumba, ikapunguza mwendo kumpisha mwanamke aliyebeba ndoo, ikawasha taa ya kulia, ikakata kona. Mlio wake uliendelea kusikika kwa muda, ukipanda na kushuka kufuata mashimo ya barabara.

Binti alikuwa amesimama uani, pale ukuta ulipokuwa. Upande mmoja mlango wa baba yake ulikuwa wazi. Upande wa pili, nyuma ya kamba ya nguo, mtu alivuta kiti. Binti hakutazama huku wala kule. Alikuwa ameinua kidole gumba, anaungoja unga ukauke.